Dubai hadi Guangzhou: kwa nini kwenda ni saa saba na kurudi ni karibu saa tisa?

#1 Mchuuzi wa Kariakoo

Wakuu, habari za jioni. Nimekata tiketi ya kwenda Guangzhou kupitia Dubai kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Canton ya mwezi wa kumi, na karatasi niliyopewa na wakala imenitatiza. Kipande cha Dubai hadi Guangzhou kimeandikwa kwamba ndege inaondoka 10:40 na kufika 22:00. Kipande cha kurudi kinaonyesha ndege ikiondoka Guangzhou 00:15 na kutua Dubai 04:55 alfajiri hiyohiyo. Nikitoa hesabu ya kawaida, kwenda ni saa 11 na dakika 20, na kurudi ni saa 4 na dakika 40, jambo ambalo haliingii akilini kwa sababu miji haijasogea. Wakala anasisitiza kwamba kote ni "saa nane hivi". Nilipotafuta umbali mtandaoni nikakuta takwimu tatu tofauti: 3,150, 3,620 na 5,830. Naomba wenye ujuzi wanieleze umbali halisi ni upi, nitakaa angani muda gani, na tofauti hii inatoka wapi.

#2 Mwalimu wa Ramani

Karibu, mkuu. Takwimu zako zote tatu ni sahihi, ila kila moja ina kipimo chake: 5,830 ni kilomita, 3,620 ni maili za nchi kavu, na 3,150 ni maili za baharini ambazo ndizo marubani wanazozitumia. Ukikuta mahali pameandikwa 5,800 au 5,900 usishtuke, kwa kuwa wengine hupima kutoka katikati ya mji na wengine kutoka uwanja wa ndege, na uwanja wa Baiyun uko kama kilomita 28 kaskazini mwa mji wa Guangzhou.

Kuhusu muda, kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. Dubai iko saa nne mbele ya saa ya dunia (UTC, ile ya Greenwich), na China yote, tangu 1949, inatumia saa moja tu ya Beijing ambayo iko saa nane mbele. Kwa hiyo kwenda unatoa saa nne na unabaki na saa 7 na dakika 20, na kurudi unaongeza saa nne na unapata saa 8 na dakika 40.

#3 Kijana wa Buguruni

Wakala hakudanganya basi. Jumlisha 7:20 na 8:40, gawanya kwa mbili, unapata saa nane kamili bila dakika hata moja ya ziada. Huyo ni mtaalamu wa wastani, mtunzeni.

#4 Mchuuzi wa Kariakoo

Ahsante sana, Mwalimu, hilo la saa limenikaa. Lakini bado limebaki deni la saa 1 na dakika 20 kati ya kwenda na kurudi, na hilo halielezwi na saa za Beijing. Njia ni ileile na ndege ni ya kampuni ileile.

#5 Mzee wa Tanga

Jibu ni mzunguko wa dunia. Dunia inazunguka, ndege ikiwa angani haikushikamana na ardhi, kwa hiyo upande mmoja mji unakufuata na upande mwingine mji unakukimbia. Tulifundishwa hivyo zamani.

#6 Fundi wa Anga

Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, maelezo hayo yanajipinga yenyewe. Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika latitudo ya Dubai ardhi inakwenda kwa kasi ya kama kilomita 1,500 kwa saa. Kama hewa ingekuwa haizunguki pamoja na ardhi, Guangzhou ndiyo ingekuwa inakukimbia, na ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa isingeifikia kamwe. Tiketi ya Mchuuzi inaonyesha kinyume chake kabisa: kwenda mashariki ndiko kwepesi. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Kinachofanya kazi hapa ni upepo wa juu. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12 kuna mkondo mwembamba wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa majira ya baridi mkondo huo hulala juu ya kaskazini mwa India, kusini kidogo mwa Himalaya, yaani karibu kabisa na njia ya Dubai na Guangzhou. Kasi yake hupita kilomita 200 kwa saa bila shida. Kwenda unasukumwa mgongoni, kurudi unapigwa usoni.

#7 Mzee wa Tanga

Marahaba, kijana. Nimekusoma, lakini niulize: huo upepo nao kwa nini unavuma kuelekea mashariki na si magharibi? Ukichimba mpaka mwisho utakuta mzunguko wa dunia umekaa palepale.

#8 Fundi wa Anga

Hapo mzee ana hoja na siwezi kuikataa. Hewa ya joto inayopanda karibu na Ikweta husafiri kuelekea kaskazini katika tabaka za juu, na kwa sababu dunia inazunguka, hewa hiyo hupindishwa kuelekea mashariki. Kwa hiyo mzunguko wa dunia unahusika kwa kuujenga upepo, lakini si kwa mji kumkimbia msafiri.

Kwa wanaopenda historia, mtu wa kwanza kuupima vizuri mkondo huu alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, ambaye katika miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno. Alichapisha matokeo yake mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto, na kwa kuwa ni wachache walioisoma, marubani wa Marekani waliuvumbua upya kwa taabu juu ya Japani katika vita vya pili vya dunia.

#9 Kijana wa Buguruni

Kwa hiyo mzee amefungwa magoli mawili na kusawazisha moja. Mpira uendelee.

#10 Bahari ya Lamu

Wazee wetu wa majahazi wasingehitaji mjadala huu mrefu. Mwenye upepo wa omo hafiki siku moja na mwenye upepo wa nyuma, na hakuna nahodha aliyewahi kutaja umbali wa kwenda Maskati bila kutaja kwanza kama ni kaskazi au kusi.

#11 Mwalimu wa Ramani

Nakubali kuhusu upepo, ila nadhani tunausahau umbo la njia. Ukitazama ramani ya ukutani, Dubai na Guangzhou ziko karibu katika mstari mmoja wa latitudo, moja ikiwa nyuzi 25 na nyingine 23 na ushei, na mtu angedhani ndege inakwenda moja kwa moja mashariki. Njia fupi juu ya tufe haiendi hivyo, bali inajipinda kuelekea kaskazini. Ukinyoosha uzi kwenye tufe la darasani utaona unapita juu ya Balochistan na Sindh, Rajasthan, karibu na Lucknow, kusini mwa Nepal, Bhutan, kaskazini mwa Myanmar, kisha Yunnan na Guangxi. Huenda kwenda wanaufuata uzi huo na kurudi wanapita njia ya chini iliyo ndefu zaidi.

#12 Fundi wa Anga

Mwalimu, tuweke vipimo. Ukilinganisha uzi wa tufe na mstari wa moja kwa moja wa ramani kwa miji hii miwili, tofauti ni kama kilomita 40 hadi 50 tu kwa sababu latitudo ziko chini. Hizo ni dakika tatu za safari. Mpindo huo huwa na uzito kwa miji iliyo juu kaskazini.

Zaidi ya hayo, uzi wako wa darasani haurukwi ulivyo. Eneo la Bhutan na Arunachal halina lango la kuvukia kati ya anga la India na la China, kwa hiyo ndege nyingi hushuka kusini kidogo, zikapita Bangladesh au jirani yake, zikakata Myanmar na kuingia China upande wa Kunming. Hilo linaongeza kilomita, lakini linaziongeza kwenda na kurudi.

#13 Mwanafunzi wa Kunming

Mimi nimekuwa nikisikia kwamba ndege zinakwepa Tibet kwa sababu ya milima mirefu, na kwamba ndiyo sababu ya kuzunguka.

#14 Fundi wa Anga

Sababu hiyo ni ya kweli kwa njia nyingine, lakini si kwa hii. Hewa ya kabini ikipotea, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi kama mita 3,000, na oksijeni ya abiria kwa kawaida hutosha kwa dakika 12 hadi 22 tu. Juu ya nyanda za Tibet, ambako ardhi yenyewe ina wastani wa zaidi ya mita 4,000, huwezi kushuka. Ila uzi wa Dubai na Guangzhou hauifikii Tibet hata ukiunyoosha kikamilifu, kwa kuwa sehemu yake ya juu kabisa iko latitudo ya 27 na kidogo, kwenye tambarare za kaskazini mwa India.

#15 Bint Malindi

Assalaam alaykum. Ninaipita njia hii kwa ajili ya vitambaa, na naomba nitoe niliyoyaona kwa macho. Ukienda mchana, kaa dirishani upande wa kushoto. Baada ya saa tatu hivi, kukiwa hakuna mawingu, utaona upande wa kaskazini ukuta mweupe uliosimama juu ya ukungu, na watu huanza kuinuka kwenye viti vyao mpaka wahudumu wawaombe waketi. Hiyo ndiyo Himalaya. Mwezi wa Januari skrini ya mbele yangu ilikuwa ikionyesha kasi ya ardhini ya kilomita 1,050 kwa saa sehemu hiyohiyo, na wakati wa kurudi ilibaki kwenye 740 na haikupanda mpaka tulipokaribia bahari ya Oman.

Kuna jambo ambalo hamjaligusa. Nilisafiri Ramadhani ya mwezi wa tatu nikiwa nimefunga. Tuliondoka Dubai asubuhi, na saa yangu ya mkononi, ikiwa bado kwenye saa za Dubai, ilikuwa inasema saa kumi kasorobo alasiri jua lilipozama mbele ya macho yangu, tukiwa juu ya Myanmar. Nikafuturu kwa tende na maji kwa jua nililoliona, wakati dada yangu niliyemwacha Deira alikuwa bado na karibu saa tatu za kusubiri. Safari ya kurudi ni usiku mtupu. Unaondoka gizani na unafika gizani, saa nane na nusu na zaidi, na daku unaweza kulila kwa utulivu wa ajabu.

#16 Kijana wa Buguruni

Kuna watu hapa sasa wanapanga Ramadhani ijayo wahamie kwenye ndege za kwenda mashariki.

#17 Bint Malindi

Wakumbushe na nauli, mwanangu.

#18 Mkazi wa Sharjah

Nimesoma kuanzia #1, na nadhani mnaupa upepo sifa zote peke yake. Ninafanya kazi ya ardhini katika uwanja mmoja wa Ghuba, na naona mambo ambayo abiria haoni. Muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuruka. Unahesabiwa tangu ndege inapoondolewa kwenye lango mpaka inaposimama kwenye lango jingine, na ndani yake mna foleni ya kuruka, kutambaa uwanjani, na dakika ambazo kampuni inajiwekea kama akiba ili isihesabike kuwa imechelewa. Mara nyingi ndege za kutoka mashariki hufika kabla ya muda wake na kukaa pembeni zikisubiri lango liwe wazi. Sasa niambieni, kama ni upepo tu, zinawezaje kuwahi wakati zinapigana na upepo wa uso?

Tazameni pia upande wa China. Guangzhou, Shenzhen, Hong Kong na Macau zimebanana katika eneo moja dogo la mdomo wa mto, na sehemu kubwa ya anga la China iko chini ya jeshi, kwa hiyo ndege za kiraia zinapangwa katika vichochoro vyembamba. Kuondoka Guangzhou usiku wa manane kunaweza kukugharimu nusu saa ukiwa umefunga mkanda na bado uko ardhini. Akiba kubwa inawekwa kwenye safari ya kurudi kwa sababu hiyo.

#19 Fundi wa Anga

Hoja nzuri, na naomba niijibu kwa hesabu. Tuchukulie njia halisi ni kilomita 6,100 baada ya mizunguko ya Myanmar. Toa nusu saa ya ardhini kila upande: kwenda kunabaki saa 6 na dakika 50, kurudi saa 8 na dakika 10. Kasi ya wastani inakuwa kama 893 kwenda na 747 kurudi. Katikati yake ni 820, ambayo ni kasi ya kawaida ukijumuisha kupanda na kushuka, na upepo unaohitajika kuleta tofauti yote ni kilomita 73 kwa saa kwa wastani wa njia nzima. Kwa mkondo ambao katikati yake hupita 200, upepo wa 73 si mwingi. Hesabu inafunga bila akiba yoyote.

#20 Mkazi wa Sharjah

Hesabu inafunga kwa sababu umechagua nusu saa kila upande. Weka dakika 20 za ardhini kwenda na dakika 50 kurudi, na upepo wako unashuka hadi kama 46. Namba zote mbili zinawezekana.

#21 Mfanyabiashara wa Lubumbashi

Salamu kwenu wote. Sisi wa Lubumbashi tunapita Dubai vilevile kwenda kutafuta vigae vya Foshan. Mtu mmoja uwanjani aliniambia kwamba muda umeongezeka kwa sababu Pakistani imefunga anga lake tangu 2025.

#22 Mwalimu wa Ramani

Ndugu yangu, mambo mawili yamechanganywa hapo. Pakistani ilifunga njia zake nyingi kuanzia mwisho wa Februari 2019 mpaka tarehe 16 Julai 2019, na wakati huo kweli ndege za Ghuba kwenda mashariki zililazimika kushuka kusini na kupita juu ya bahari ya Arabu. Marufuku ya Aprili 2025 ni ya Pakistani kwa ndege za India, na ya India kwa ndege za Pakistani. Ndege ya kampuni ya Falme za Kiarabu au ya China haimo, isipokuwa zile siku chache za mapigano ya Mei 2025 ambapo kila mtu alikwepa.

#23 Mfanyabiashara wa Lubumbashi

Ahsante, Mwalimu. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu watatu.

#24 Mwanafunzi wa Kunming

Je, aina ya ndege haihusiki? Boeing 777 husafiri kwa Mach 0.84, yaani asilimia 84 ya kasi ya sauti, na Airbus A330 kwa Mach 0.82. Kama wanabadilisha ndege kati ya kwenda na kurudi, tofauti inaweza kuonekana.

#25 Fundi wa Anga

Inahusika kwa kama dakika kumi katika safari ya urefu huu. Ila kwa kawaida ndege iliyokupeleka ndiyo inayogeuka na kurudi na abiria wengine, kwa hiyo haielezi tofauti ya kwenda na kurudi siku moja.

#26 Mkazi wa Sharjah

Nina njia ya kupima nani yuko sahihi kati yangu na Fundi. Ratiba za dunia nzima hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa kiangazi cha kaskazini mkondo wa upepo huhama na kwenda kaskazini ya Tibet. Kama upepo ndio kila kitu, tiketi ya Julai inapaswa kuonyesha kwenda na kurudi karibu sawa. Aliye na tiketi ya Julai aitoe.

#27 Bint Malindi

Ninayo ya Julai hapa mkononi. Tofauti imepungua, ikabaki kama nusu saa, lakini haijaisha.

#28 Mkazi wa Sharjah

Nusu saa hiyo ndiyo foleni ya Guangzhou niliyoitaja.

#29 Fundi wa Anga

Au ni masalio ya upepo, kwa sababu hata Julai sehemu ya mwanzo ya njia, juu ya Pakistani, haikosi upepo wa magharibi siku zote. Na tiketi moja haitoshi kuwa ushahidi. Kwa Mchuuzi, lililo la muhimu ni kwamba mwezi wa kumi ndio mkondo unaporudi kusini ya Himalaya baada ya masika ya India kuondoka, kwa hiyo safari yake inaangukia mwanzo wa majira ya tofauti kubwa.

#30 Mchuuzi wa Kariakoo

Nawashukuru wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Swali dogo la mwisho: kama kurudi ni saa 8 na dakika 40, na nikitua Dubai 04:55 nina ndege ya Dar es Salaam baada ya saa mbili na nusu, je, nafasi inatosha? Na je, ningepata ndege ya moja kwa moja ningeokoa kiasi gani?

#31 Mkazi wa Sharjah

Kama mzigo umeandikishwa mpaka Dar kwa tiketi moja, inatosha, na kwa sababu ya akiba niliyoieleza huenda ukafika mapema zaidi. Kama ni tiketi mbili tofauti, usithubutu. Ndege ikichelewa, kampuni ya pili haikujui.

#32 Mwalimu wa Ramani

Kuhusu moja kwa moja: Guangzhou hadi Dar es Salaam kwa uzi wa tufe ni kama kilomita 8,710. Kupitia Dubai unajumlisha 5,830 na karibu 3,980, unapata 9,810. Unazunguka kilomita 1,100 tu, ambazo ni kama saa moja na robo ya angani. Kinachokula muda ni kule kukaa Dubai na kule kupanda na kushuka mara mbili.

#33 Mzee wa Tanga

Na safari ya Dubai hadi Dar inakwenda zaidi kusini kuliko magharibi, kwa hiyo huo upepo wenu wa Himalaya hautahusika tena. Hapo kwenda na kurudi vinakaribiana, mtazame tiketi zenu.

#34 Fundi wa Anga

Kweli kabisa, mzee. Ni kama saa tano na nusu kila upande, na dakika chache za tofauti hapa na pale.

#35 Mkazi wa Sharjah

Dakika hizo chache nazo ni za foleni.